Mkataba wa Zagreb: kwa nini Croatia ilimgeuka Luka Modrić, na jinsi ilivyomrudia

Mjini Zadar, kwenye pwani ya Croatia, kuna jengo lililokuwa hoteli iitwayo Iž. Wakati wa vita vya miaka ya 1990 hoteli hiyo iliacha kupokea watalii, ikajaa wakimbizi. Mmoja wao alikuwa mtoto mwembamba aliyeshinda kwenye maegesho ya magari akiupiga mpira tangu asubuhi mpaka giza linapoingia. Juni 2017 mtu fulani aliuendea ukuta wa jengo lile lile na kopo la rangi, akamwandikia mtoto yule ujumbe: Luka, ipo siku utayakumbuka haya.

Luka Modrić alikuwa na miaka 31 wakati huo. Siku chache tu nyuma, mjini Cardiff, alikuwa ametwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa mara ya tatu akiwa na Real Madrid. Kwao hakupokewa kwa maua. Alizomewa, akatukanwa, na wapo Wacroatia walioapa kwamba hawatamshangilia tena maishani. Mwaka mmoja baadaye mamia ya maelfu ya watu walijaza mitaa ya Zagreb kumlaki, basi la timu likatumia saa nyingi kusogea kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji.

Mashabiki wengi wa huku kwetu tunaijua vizuri nusu ya pili ya habari hii. Nusu ya kwanza haisimuliwi sana, kwa sababu imefungwa ndani ya karatasi za mikataba na kumbukumbu za mahakama. Bila kuifungua, hata ule mwaka 2018 hauwezi kueleweka sawasawa.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Alizaliwa Septemba 9, 1985, akakulia Modrići, kitongoji cha mawe na mbuzi kwenye miteremko ya mlima Velebit. Muda mwingi alikuwa na babu yake, ambaye pia aliitwa Luka. Desemba 1991 wapiganaji wa Kiserbia walimuua babu huyo karibu na nyumbani kwake, na nyumba ikachomwa moto. Mjukuu alikuwa na miaka 6. Baba yake, Stipe, aliingia jeshini, na familia ikahamia Zadar kuishi hotelini, chumba kimoja, kwanza Kolovare kisha Iž. Walikaa maisha hayo kwa takribani miaka saba.

Klabu ya ndoto ya kila mtoto wa ukanda ule wa pwani ni Hajduk Split. Hajduk walimfanyia majaribio wakamrudisha, wakisema mwili wake ni mdogo mno. Aliyeendelea kumwamini ni mwalimu wake wa NK Zadar, Tomislav Bašić, ambaye mwishowe alimfungulia njia ya kwenda kwa mahasimu wakubwa wa Hajduk, Dinamo Zagreb. Alikuwa na miaka 16.

Dinamo nao hawakumpa jezi mara moja. Msimu wa 2003/04 walimpeleka kwa mkopo Zrinjski Mostar ya Bosnia, ligi ya viwanja vibovu na mabeki wasioogopa kadi. Akiwa na miaka 18 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Mwenyewe amewahi kusema kwamba anayeweza kucheza ligi ya Bosnia anaweza kucheza popote. Baada ya mkopo mwingine Inter Zaprešić alirudi Zagreb, na mwaka 2005 akasaini mkataba wa miaka kumi. Kwa fedha ile aliwanunulia wazazi wake nyumba Zadar. Ndiyo kusema, maisha ya ukimbizi ya familia hii yalimalizwa na mkataba wa Dinamo. Naomba msomaji alishike hili, kwa sababu mbele litakuwa na uzito.

Mikataba miwili, fedha moja

Mtu mwenye sauti ya mwisho Dinamo siku hizo alikuwa Zdravko Mamić, mkurugenzi mtendaji wa klabu kuanzia 2003. Ligi ya Croatia ni ndogo, mapato ya milangoni ni kidogo, na haki za televisheni hazina thamani kubwa. Klabu ya namna hiyo huishi kwa kulea vijana na kuwauza. Mamić aliielewa biashara hii kuliko mtu yeyote nchini humo, na Dinamo chini yake ilitwaa ubingwa karibu kila mwaka. Modrić mwenyewe alishinda mitatu mfululizo, 2006 hadi 2008, kisha akauzwa Tottenham ya Uingereza kwa takribani euro milioni 21.

Hapa ndipo palipo na fundo. Katika hali ya kawaida, ada ya uhamisho hulipwa kwa klabu inayouza, na mchezaji hupata chake kwenye mshahara na fedha ya usajili huko aendako. Dinamo walikuwa na utaratibu mwingine. Baadhi ya wachezaji walikuwa na kiambatisho kwenye mkataba kinachosema kwamba wakiuzwa, nusu ya ada ni yao. Kwa Modrić, nusu hiyo ilikuwa zaidi ya euro milioni 10. Hadi hapo mtu anaweza kusema ni ukarimu wa ajabu kwa mchezaji, lakini si kosa.

Sasa weka karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Pembeni, mbali na klabu, mchezaji alikuwa amesaini makubaliano binafsi na Mamić: Mamić amsaidie kukua kisoka, naye mchezaji amgawie sehemu ya kipato chake. Zisome karatasi hizo kwa pamoja uone fedha inavyotembea. Inatoka Tottenham, inaingia Dinamo, nusu inakwenda kwa mchezaji kwa kiambatisho cha kwanza, halafu, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, sehemu kubwa ya nusu hiyo inatoka kwa mchezaji na kuishia kwa familia ya Mamić kwa makubaliano ya pili. Mtu aliyesaini kwa niaba ya klabu kuitoa fedha ndiye anayeipokea upande wa pili, na mchezaji amekuwa mfereji tu.

Kwa nini mashabiki waliumia kiasi kile? Kwa sababu kisheria Dinamo haikuwa kampuni ya mtu. Ilikuwa chama, mfano wa klabu za wanachama tunazozifahamu hapa Afrika Mashariki. Fedha iliyotoka haikuwa ya tajiri anayejipunja mwenyewe, ilikuwa ya wote. Kundi la mashabiki la Bad Blue Boys lilisusia uwanja wa Maksimir kwa miaka kadhaa, na timu ikawa bingwa mbele ya viti vitupu. Hasira hiyo ilifika hadi timu ya taifa. Kwenye Euro ya 2016 kule Ufaransa, mechi dhidi ya Jamhuri ya Czech ilisimamishwa dakika za mwishoni kwa sababu mashabiki wa Croatia walirusha fataki uwanjani kulilaani shirikisho lao wenyewe.

Kesi nzima, ukiichuja, ilibaki kwenye neno moja: lini? Kama kiambatisho cha nusu kwa nusu kilisainiwa kabla ya mchezaji kuuzwa, klabu ilikuwa na deni halali na ililipa deni lake. Kama kiliandikwa baada ya mauzo na kuwekewa tarehe ya nyuma, basi hapakuwa na deni lolote, na mamilioni yale yalichotwa tu. Waendesha mashtaka walisema viambatisho vilirudishwa nyuma tarehe. Mamić alikana, na ameendelea kukana. Mtu aliyeweza kuijibu lini ya mkataba wa Modrić ni Modrić mwenyewe, aliyeweka sahihi.

Kazi isiyoonekana

Kabla hatujaingia mahakamani nataka tupite uwanjani, maana bila uwanja hakuna ambaye angejali kijana wa Zadar alisaini nini na lini.

Lugha yetu imempa mchezaji wa kati jina zuri, kiungo. Ni neno lile lile la goti na kiwiko, na la bizari na iliki. Pilau ikiwa tamu watu husifia nyama, hakuna anayeitaja iliki. Modrić ni kiungo kwa maana zote hizo, na ndiyo maana thamani yake ilichelewa kuonekana kila alipokwenda. Tottenham msimu wake wa kwanza alionekana mwepesi mno kwa soka la Uingereza, mpaka kocha Harry Redknapp alipomjengea timu ya kumzunguka, nayo timu ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2011. Agosti 2012 alikwenda Real Madrid, na kabla mwaka haujaisha wasomaji wa gazeti la Marca wakampigia kura kuwa usajili mbovu kuliko wote wa msimu.

Walikosea kwa sababu walikuwa wakitazama mabao. Mtazame Modrić kabla mpira haujamfikia. Kichwa kinageuka kushoto, kulia, nyuma, mara mbili au tatu ndani ya sekunde chache. Mpira unapofika ameshajua adui yuko wapi, kwa hiyo mguso wa kwanza hausimamishi mpira, unaupeleka kule ambako adui hayupo. Mkabaji akija kwa nguvu anakuta amepitwa. Mguso huo mmoja unamwondoa mtu mmoja mchezoni, na timu pinzani inabaki pungufu kwa sekunde nne au tano bila refa kutoa kadi. Takwimu za televisheni hazina safu ya kuandika jambo hilo.

Pasi yake ya upande wa nje wa mguu wa kulia watu huiona kama mbwembwe. Sivyo. Mchezaji mwingine aliyesimama upande wa kulia akitaka kuupindisha mpira kwenda nyuma ya mabeki angelazimika kwanza kugeuza mwili, na mabeki wangeshajipanga. Yeye hageuki. Mwili unaelekea huku, mpira unakwenda kule. Aprili 2022, dakika ya 80, Real Madrid wakiwa nyuma kwa mabao 3-0 nyumbani dhidi ya Chelsea na wako mlangoni mwa kutolewa, alitoa pasi ya namna hiyo kutoka mbali, ikapita juu ya mabeki wote na kumkuta Rodrygo aliyeunganisha bila kuuweka chini. Alikuwa na miaka 36. Madrid walifuzu kwa jumla ya mabao 5-4 na mwezi uliofuata wakawa mabingwa.

Kwenye miaka yao mizuri zaidi, chini ya Zinedine Zidane, eneo la kati la Madrid lilikuwa la watu watatu waliogawana kazi kama ndugu. Casemiro alikaba, Toni Kroos alipanga mchezo upande wa kushoto, Modrić alikuwa kulia, akimlinda beki wake anapopanda na papo hapo akiubeba mpira kutoka nyuma kwenda mbele. Makombe matatu mfululizo ya Ulaya, 2016, 2017, 2018, yalijengwa juu ya watatu hao, huku picha za magazeti zikiwa za Cristiano Ronaldo. Na kona iliyompata Sergio Ramos kichwani dakika ya 93 kule Lisbon, kwenye fainali ya 2014 dhidi ya Atlético? Aliyeipiga ni Modrić.

Kizimbani Osijek

Juni 13, 2017 alisimama kama shahidi mjini Osijek kwenye kesi ya Zdravko Mamić, mdogo wake Zoran na wenzao. Kwenye mahojiano ya awali na waendesha mashtaka, kwa mujibu wao, alikuwa ameeleza kwamba kiambatisho kilisainiwa baadaye, akiwa ameshaondoka Dinamo. Mbele ya hakimu alisema hakuwahi kusema hivyo, na kwamba kilisainiwa mapema. Maswali mengine mengi aliyajibu kwa kusema hakumbuki. Jibu hilo, sikumbuki, likageuka kuwa wimbo wa kumkejeli nchi nzima, na ndilo lililojibiwa na yale maandishi ya ukutani Zadar.

Machi 2018 alishtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka mitano jela. Dejan Lovren, beki aliyeuzwa na Dinamo kwa utaratibu unaofanana, naye alishtakiwa. Juni 6 mahakama ilimhukumu Zdravko Mamić miaka sita na nusu. Hakuwepo kusikia hukumu, alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Bosnia, ambako pia ana uraia. Siku kumi baadaye Modrić aliiongoza Croatia kama nahodha dhidi ya Nigeria kwenye Kombe la Dunia, akafunga penalti, wakashinda 2-0.

Nasema ninavyoona mimi: yaliyotokea Osijek ni doa, na mashabiki walioumia walikuwa na haki ya kuumia. Walikuwa wamepigana na mfumo mmoja kwa miaka mingi, na siku ambayo mtu wao mkubwa kuliko wote angeweza kuwasaidia, kumbukumbu zilimtoka. Lakini mimi pia siwezi kuisahau ile nyumba ya Zadar. Mtoto wa hotelini, aliyekataliwa na klabu ya pwani yake, alipewa mkataba na watu wale wale ambao sasa alitakiwa kuwatolea ushahidi. Kijana wa miaka 19 anayewekewa karatasi mbele na bosi wa klabu hasomi kila mstari, anatafuta mahali pa kutia sahihi. Hilo halifuti alichosema mahakamani akiwa mtu mzima, ila linaonyesha fundo lilianzia wapi.

Urusi mwaka ule alicheza kama mtu anayelipa kitu. Dhidi ya Argentina alifunga kwa shuti la mbali, Croatia wakashinda 3-0. Hatua ya 16, dhidi ya Denmark, zikiwa zimebaki dakika chache za muda wa nyongeza, alipiga penalti ikadakwa na Kasper Schmeichel. Kwa mtu mwenye mashtaka mgongoni na nusu ya nchi ikisubiri kumcheka, kosa lile lingeweza kumzika. Dakika chache baadaye ikaja mikwaju ya penalti. Nahodha angeweza kukaa pembeni, hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda, akapiga, akafunga. Robo fainali dhidi ya wenyeji Urusi ikaisha tena kwa penalti, akafunga tena, mpira ukimgusa kipa na mwamba kabla ya kuingia. Nusu fainali dhidi ya Uingereza ikaenda tena muda wa nyongeza, wakashinda 2-1. Mechi tatu mfululizo za dakika 120, kwa nchi yenye watu takribani milioni nne. Fainali waliipoteza kwa Ufaransa, 4-2, na Modrić akapokea Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, huku mvua ikimnyeshea.

Desemba mwaka huo alitwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka duniani, akiwa mchezaji wa kwanza asiye Lionel Messi wala Cristiano Ronaldo kuitwaa baada ya miaka kumi. Kabla mwaka haujakwisha mashtaka ya ushahidi wa uongo nayo yalikuwa yametupwa. Wapo waliosema medali ndiyo iliyomsafisha. Sikubaliani nao: kwenye sheria alisafishwa na mahakama ya kwao Zadar, na kwenye mioyo ya watu kila mmoja aliamua kivyake. Hadi leo ukikutana na Mcroatia anayelipenda soka unaweza kuona anavyonyamaza kidogo likitajwa jina la Mamić, kisha anaendelea kumsifia nahodha wake.

Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilithibitisha hukumu za akina Mamić Machi 2021. Zoran Mamić, aliyekuwa kocha wa Dinamo, alijiuzulu siku hiyo hiyo. Siku tatu baadaye timu ilikuwa na mechi ya marudiano ya Ligi ya Europa pale Maksimir, ikiwa nyuma kwa mabao mawili, viti vikiwa vitupu kwa sababu ya Korona. Wapinzani walikuwa Tottenham, klabu iliyotoa zile euro milioni 21 miaka 13 nyuma. Dinamo, bila kocha wao na bila Mamić yeyote, walishinda 3-0 kwenye muda wa nyongeza, mabao yote ya Mislav Oršić.

Modrić alikuwa Madrid bado, na aliendelea hadi majira ya joto ya 2025, akaondoka na mataji 28, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika historia ya klabu ile. Akiwa anakaribia miaka 40 alijiunga na AC Milan, timu aliyoipenda utotoni kwa sababu Zvonimir Boban, kiungo na nahodha wa Croatia, alikuwa akiichezea. Siku zile Boban yuko Milan, Luka alikuwa kwenye maegesho ya hoteli mjini Zadar, anaupiga mpira ukutani.